Jua Likipita Hapa Nitakupigia

Resti mwanangu,

Juzi uliponiambia kwenye simu, "Mama, jua limezama," mimi nilikuwa nimeinama shambani na jua linanichoma mgongo. Ilikuwa saa kumi alasiri. Nikakujibu, "Limezama wapi, we mtoto? Umelewa?" Nilikuwa nakutania, lakini ukaangua kilio. Ukasema huko Sweden giza linaingia hata chakula cha mchana hakijashuka tumboni, hulali, huli, darasani huelewi kitu, na unataka kuacha masomo. Ukaniuliza, "Nirudi, mama?" Ukakata simu kabla sijakujibu.

Sasa nakujibu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu tutalia wote wawili na hela ya vocha itakwisha bure. Na barua nimeiacha wazi, wengine nao waisome, maana hapa Ifakara si mimi peke yangu mwenye mtoto aliyekwenda kwenye baridi.

Tulikosea siku ile ya stendi. Ulinikumbatia ukasema, "Mama, kila Jumamosi jua likizama nitakupigia." Nikaitikia, tena kwa furaha, kwa sababu kwetu hiyo ni saa kamili. Januari mpaka Desemba jua letu linachomoza saa kumi na mbili au karibu yake, na linazama saa kumi na mbili na kitu. Nikisikia adhana ya Magharibi kutoka mjini, mimi Mkatoliki huyu naweka jembe chini na kuwasha simu niliyoizima mchana kutunza chaji. Nani kati yetu angefikiri kwamba kuna mahali jua halina adabu ya kuzama kwa wakati wake?

Ulipofika mwezi wa nane, simu zako zilinikuta usingizini, nikanung'unika kwamba mtoto anazurura usiku. Baadaye zikaanza kuja jioni, nikasema afadhali, ametulia. Kisha zikakoma. Adhana inaadhiniwa, nawasha simu, kimya! Kumbe ulikuwa unapiga jua lako likizama, na mimi bado niko kwenye majaruba ya mpunga, simu imezimwa. Wewe ukadhani mama hataki kupokea, nami nikadhani umenisahau. Bila mimi kusahau kuizima juzi, tungenuniana mpaka leo.

Resti, unakikumbuka kivuli chako? Ulikuwa hujaanza shule. Ulikuwa mwezi wa kumi, saa sita mchana, tunasafisha shamba letu hapa Katindiuka tukingoja mvua. Ukajitazama miguuni ukapiga ukunga: "Mama, kivuli changu kimeingia ardhini!" Ukagoma kutembea, ati utakikanyaga. Marehemu baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakubeba hadi uani, kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Nayo haikuwa na kivuli. Akakuambia jua liko utosini kwetu, linapita.

Baada ya siku chache kivuli cha nguzo kikachomoza tena, ila upande wa pili. Kiangazi chote, saa sita, kilikuwa kinalala kusini, upande wa Mahenge. Sasa kikawa kinalala kaskazini. Ukamuuliza baba yako, "Jua limekwenda wapi?" Akasema, "Kwa wenzetu wa kusini. Litarudi, na likirudi litapita hapahapa." Kweli, mwezi wa tatu ulipoanza, kivuli kikaingia chini ya nguzo mara ya pili, na masika yakafunguka. Tangu hapo ukawa msimamizi wa nguzo. Kivuli kikiingia mwezi wa kumi, unatukimbiza sote: "Andaeni mbegu!" Jamani, ulikuwa msumbufu.

Ulipoanza masomo huko ulinieleza kwamba dunia imeinama, na inalizunguka jua ikiwa imeinama vilevile. Miezi kadhaa upande wenu unaelekea jua, miezi mingine upande wetu. Sisi tulio jirani na ikweta jua halituachi mbali, ndiyo maana majira yetu tunayahesabu kwa mvua. Nilikuitikia, ndiyo, ndiyo, sikuelewa hata robo. Nimeelewa wiki hii, nilipofikiria mpunga kwenye turubai. Saa sita mpunga unakauka unausikia. Saa kumi na moja jioni jua ni lilelile, turubai ni lilelile, lakini mwanga unakuja kwa ubavu, unatandaa eneo kubwa, nguvu inakwisha. Unaanua tu. Basi mwanangu, mchana wako wote wa huko ni saa kumi na moja ya jioni ya huku. Nani angekauka hapo?

Unaniuliza urudi. Moyo wangu unasema rudi hata kesho. Nyumba imenizidi ukubwa, nikipika napika kingi kwa mazoea, nakula peke yangu, nakasirika. Lakini sitaki uamue ukiwa gizani. Ukija sasa utajiita mtu aliyeshindwa masomo, na mimi naona ulichokosa ni jua. Nenda kwa daktari wa chuo umwambie kila kitu ulichoniambia mimi, usione haya. Mchana, hata kama ni mfupi kiasi gani, toka nje, ukae kwenye mwanga huo. Na habari ya jua kuzama tuiache. Piga saa mbili usiku ya huku, simu itakuwa inawaka.

Leo saa sita nilisimama uani. Mvua za kwanza zimeshanyesha, tunapanda. Kivuli cha nguzo kimelala kaskazini, kinaelekea kwako. Nikakitazama, nikasema, kumbe jua la mwanangu ninalo mimi. Nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyevaa kanga ya mwenzake.

Silishikilii, Resti. Mwezi wa tatu ukianza nitasimama pale kila saa sita, na siku kivuli kitakapoingia miguuni mwangu nitakupigia mimi, hapohapo, niseme: limepita hapa, linakuja kwako. Mwezi huohuo, kabla haujaisha, mchana wako na wangu utalingana. Na ikifika mwezi wa sita, sisi huku tunavaa sweta asubuhi, wewe utaweza kuanika mpunga usiku wa manane.

Lipokee. Likae nawe kidogo, ule, ulale. Ukiona bado unataka kurudi, rudi mwanangu, nitakuja stendi na sitakuuliza swali hata moja. Ila uje ukiwa umeliona.

Ni mimi mama yako, msimamizi wa nguzo mpaka utakaporudi