Pipi Alizoshuka Nazo Mama

Hadley Bend, Iowa
Julai 19

Kaka Ler Htoo,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Mama, ingawa hajui kama nakuandikia. Natumaini baridi ya lile ghala lenu haijakurudishia kikohozi, na kwamba shemeji na mtoto wanalala vizuri. Sisi afya tunayo. Choya nyuma ya nyumba imenifika kiunoni na Mama anachuma majani yake kila jioni, ila siku hizi tunakula bila kuongea.

Nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu ungecheka kwanza. Ile video ya gwaride la Julai Nne uliyowatumia watu wa kanisa lenu, ukaandika kwamba mama yetu sasa ni nyota, naomba uifute. Nakueleza kwa nini.

Unamjua Bi. Lenora, yule Mmeskwaki, wa wenyeji wa asili wa hapa Iowa, aliyesimama kando ya Mama kiwandani kwenye mstari wa kukata mabega ya nguruwe tangu mwaka tuliofika. Kiingereza cha Mama kimetoka kwake. Alimfundisha kwa kumgusa kiwiko na kumwonyesha: kisu, noa, kidole, angalia. Alikuwa akimtania kwamba hicho ni Kiingereza cha nguruwe tupu, na siku akienda benki atamwambia karani amkatie bega. Mama naye alikuwa akimjibu kwamba karani mwenyewe akiwa mnene atakatwa kweli. Tangu ulipohama, na mimi unavyonijua sina maneno, huyo ndiye mtu pekee niliyemsikia Mama akicheka naye.

Ni yeye pia aliyemsukuma aende darasa la jioni pale maktaba, akajiandae na usaili wa uraia. Mwalimu wao, Bi. Gunderson, aliwaambia kwamba mwaka huu darasa litapanda trela kwenye gwaride na kuonyesha historia ya Marekani, na wao ndio watakaowapokea wageni. Mama alifurahi. Akaipiga pasi ile nguo yake nyekundu ya kufuma ya Kikareni, akidhani kila mtu atavaa ya kwao. Asubuhi ile mwalimu akawagawia manyoya ya karatasi ya kufunga kichwani na rangi ya kupaka mashavuni, ili wao wawe wenyeji wa asili. Alisema kwa uchangamfu kwamba wana bahati, nywele zao ni nyeusi tayari, hakuna haja ya kutafuta za bandia. Wale wageni wa kutoka melini, yaani Wazungu wa kwanza, walikuwa watu wa benki, na kofia zao ndefu. Nilikuwa nimeshika ndoo ya pipi. Nilitaka kusema kitu. Lakini Mama aliinamisha kichwa afungwe, maana sisi Wakareni mwalimu hatumkatalii.

Video inaanzia barabara kuu. Wenzake wanarusha pipi, watoto wanazigombania kwenye lami, na Mama anashuka trela likiwa bado linakwenda, pipi mkononi, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Trela linamwacha. Gari la zimamoto linampigia honi kwa nyuma, na anayerekodi anacheka, anasema jamani mwambieni huyo mama pipi zinarushwa, kwani anapeleka barua nyumba kwa nyumba? Kiwandani sasa wanamwita Posta. Wote wanadhani hajui desturi. Anaijua, Kaka. Mwaka jana alirusha ndoo nzima kutoka kwenye trela la kanisa.

Video inakatika kabla ya duka la dawa. Mimi nilikuwa natembea kando ya trela, niliona. Bi. Lenora alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha kukunja, mikono kifuani, na wajukuu wake wawili kando. Ni kwa ajili yake Mama alishuka. Alimnyooshea zile pipi huku ameshika kiwiko, kama anavyopewa mtu wa heshima kwetu, akatafuta neno, na Kiingereza chote alichofundishwa na mtu yule kikamkimbia. Bi. Lenora hakuzipokea. Aliyatazama manyoya, akamwambia taratibu arudi, wenzake wanamwacha. Kisha akawainua watoto wakaondoka.

Jumatatu yake aliomba kuhamishiwa mstari mwingine. Mama alimpelekea wali wakati wa mapumziko, akarudi nao nyumbani haujafunguliwa. Mwalimu alikuja na keki, akasema hakuna aliyekusudia ubaya, tena video imewafurahisha watu wengi. Nilimtafsiria Mama nusu ya kwanza tu. Mama akamshukuru.

Darasani harudi. Usaili ni mwezi wa tisa, na kwa kuwa mimi nimemaliza shule, ndimi ninayemuuliza maswali. Anajibu vizuri, hata yale magumu ya bunge. Lakini nikifika lile linalouliza ni akina nani walioishi Marekani kabla ya Wazungu kuja, anainuka kwenda kutazama chungu, hata kama hatujabandika kitu. Sasa naliruka.

Msalimie shemeji, na mtoto mbebe kwa niaba yangu. Ukipiga simu Jumapili, ongea na Mama kwa Kikareni, si Kiingereza.

Ni mimi mdogo wako,
Hser Moo