Joho Nililolizuia Guangzhou

Xiaobei, Guangzhou

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi hiyo ya Makambako? Mama bado anakulazimisha kunywa chai ya tangawizi? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha, na ni kwa sababu yako.

Jumapili mchana Wakristo wa huku tunasali chumba cha juu cha mgahawa wa Wakongo. Juzi zamu ya kufundisha ilikuwa yangu, nikapangiwa habari za Kayafa. Nikaeleza kwamba kuhani mkuu aliwekwa na kuondolewa na gavana wa Kirumi, na kuna wakati hata mavazi yake matakatifu askari waliyafungia ngomeni, wakayatoa sikukuu ikifika tu.

Otieno, Mkenya anayenunua jinzi Xintang, akadakia: "Buda, yaani kuhani alikuwa anaenda kuomba nguo za kazi kwa polisi?"

Watu wakacheka. Mimi nikafunga Biblia, nikasema somo limeisha.

Baba, wazee walikuambia hukuhubiri sikukuu ya mavuno kwa sababu wamemwalika mchungaji mgeni. Si kweli. Nilikuwa na hasira, maana ulisema mimbarini kwamba mikoba ninayoitoa viwanda vya Shiling huku, yenye majina ya kampuni zisizoishona, ni wizi uliopigwa pasi. Nikampigia Baba Upendo, mwenyekiti wa wazee: akihubiri Baba, majoho mapya niliyoahidi kanisa hayatoki China. Wakakubali. Kisha nikatumiwa picha: kwaya inang'aa, mgeni yuko mimbarini, na wewe, mchungaji wa kanisa hilo, uko benchi la nyuma na koti lako la kahawia, unapiga makofi. Unapiga makofi, Baba! Naona aibu hata kuandika.

La kwako lilishonwa pamoja na mengine, kwa vipimo vyako. Nililibakiza makusudi. Sasa nimempa Mama Neema, mfanyabiashara mwenzangu wa Mbeya, atakufikishia. Nimewaandikia wazee pia, nimewaomba wakiri mbele ya waumini.

Sitakudanganya kwamba nimeacha mikoba. Kuna mzigo uko bandarini, na sijapata ujasiri wa kuuzuia. Kwa hiyo usilione joho hili kuwa la kukufunga mdomo. Livae, urudie mahubiri yale yale, na safari hii unitaje kwa jina.

Msalimie Mama, asinitetee. Msalimie dada Tumaini na shemeji. Baba Upendo mwambie kosa ni langu; yeye alikuwa na kwaya isiyo na sare.

Ni mimi mwanao Yohana, niliyekuondoa mimbarini.