Mpira wa Ishirini na Tisa

Kato, mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara tatu wiki hii, na mara tatu nimeichana. Leo lazima niimalize kabla ya saa tano. Saa saba mchana mwanao Sanyu atapanda kwenye kile kichuguu cha kurushia mpira, mahali pako, na mpaka dakika hii sijamwambia mtu ninachokijua.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu, mtaa wa Vårby gård, nimekalia kiti kile ulichokitengeneza mguu. Miguu yangu mwenyewe hakuna wa kuitengeneza. Msichana wa hemtjänst, wale wanaohudumia wazee majumbani, amekuja saa mbili kunivalisha soksi za kubana, akauliza mzee mgonjwa anataka koti la nini. Nikamjibu naenda mechi. Akacheka. Daktari wa moyo yeye hakucheka. Alisema sasa tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Mimi nimekuwa mtu wa kuhesabu maisha yangu yote. Hesabu moja tu niliidanganya, na ni yako.

Tangu uondoke, Septemba ile, watu wamekugeuza hadithi. Wamechapisha fulana zenye picha ya kufuli na namba ishirini. Wanasimuliana kwenye misiba na kwenye harusi jinsi Kato Kufuli alivyomaliza mechi ya mwisho kwa mipira ishirini tu, akafunga mlango, akaondoka duniani bila kushindwa. Hata waliokuwa mbali kule Vällingby siku hiyo wakinunua viatu wanaapa walikuwepo.

Unakumbuka walivyokuwa mwanzoni? Hakuna aliyeujua mchezo. Wewe peke yako ndiye uliyejifunza besiboli Kampala, kwa glavu kuukuu za mwalimu Mjapani. Wengine tulikuja kwa ajili ya sambusa na kuonana. Raundi nane nzima watu wanapiga soga, wamegeuzia uwanja mgongo. Lakini ukiinuka tu kwenye benchi raundi ya mwisho, mambo yakiwa mabaya na wapinzani wanakaribia, Mama Zuhura anatoa funguo za nyumba na kuzitikisa. Kisha wote. Funguo za mtaa mzima wa Alby zinalia, na Papa Dieudonné anapaza ile sauti yake ya kwaya: "Funga mlango, Kato, baridi inaingia!" Na Mama Zuhura kwa yule mpigaji: "Piga basi, mwanangu, ama unangoja barua ya kodi?" Waswidi hawaelewi neno, wanacheka nasi. Nawe unafunga. Misimu kumi na mmoja ulifunga.

Mwezi wa nane uliniita nyuma ya banda la vifaa, ukakunja mkono wa shati. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba mpaka vidoleni, una rangi ya zambarau. Ukanieleza alivyosema daktari: una ubavu mdogo wa ziada chini ya shingo, umezaliwa nao, unaubana mshipa kila unaporusha. Damu inaweza kuganda hapo, na bonge likaachia, likaenda mapafuni. Usirushe tena hadi wakupasue.

Ukasema, "Mwalimu, mimi simalizi mechi nzima. Ni mipira michache tu." Ukamtaja na mkeo: "Usimwambie Rehema." Nami, niliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini, nikakubali. Hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia, ingawa siku ile niliiita urafiki.

Tukapatana. Ulisema ukizisikia zile funguo huwezi kuhesabu, unasahau hata jina lako. Basi mimi nihesabu. Ikifika mipira ishirini nivue kofia yangu ya njano, nawe utamwambia kocha umechoka. Mechi ya kwanza niliivua, ukatoka bila kuuliza, na watu wetu wakazomea, hawajui wanamzomea nani.

Sasa siku ile ya mechi ya mwisho.

Wapinzani walikuwa wamebaki na mpigaji mmoja, naye amebakiza kosa moja atolewe. Mpira wa ishirini akaugusa kidogo, ukaenda nje ya mstari. Kanuni ni arushiwe tena. Ukanitazama.

Niliinua mkono, Kato. Hilo ulijue. Mkono ulifika kwenye kofia. Lakini funguo zilikuwa zinalia kuliko siku zote, Papa Dieudonné amesimama juu ya kiti, Mama Zuhura analia machozi, na mimi nami nikataka kuona. Ndivyo ilivyokuwa, sina sababu nyingine. Nilikuwa shabiki. Nikawaza, mmoja tu. Nikaikandamiza kofia kichwani kama mtu anayeogopa upepo. Upepo haukuwepo.

Akaugusa tena. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Kila mara unanitazama, na kila mara mkono wangu uko pale pale, unakandamiza. Kufika ishirini na sita niliona unaufuta mkono kwenye suruali kama kitu kisicho chako. Mpira wa ishirini na tisa aliukosa.

Ulikuja ukiwa umebebwa mabegani. Walipokushusha uliuliza, "Mwalimu, ilikuwa ishirini?"

Nikasema, "Ishirini kamili."

"Nilidhani imezidi," ukasema, ukacheka, ukapokea chai kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu asubuhi ulianguka kwenye ngazi za ile shule uliyokuwa ukiitunza. Rehema aliambiwa ni bonge la damu mapafuni, kitu kinachoweza kumpata yeyote. Hakuuliza limetoka wapi. Nilikaa naye siku tatu za msiba, nikala pilau lake, nikaongoza watu kukusifu. Waliponiuliza hesabu ya mwisho, mimi mwenye daftari la hesabu, nikasema ishirini. Ile namba iliyo kwenye fulana zao ni uongo wangu.

Ningekufa nayo, Kato. Nilikuwa nimeshaamua.

Lakini Jumamosi iliyopita Sanyu aliniletea chai baada ya mechi. Anarusha vizuri, ana ule ule mguu wako wa kunyanyua juu kabla ya kuachia. Wanamtikisia funguo zile zile. Kikombe alinipa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya mkono wa sweta, na ulipochomoza niliona vidole. Zambarau. Alinijibu kwa Kiswidi kwamba si kitu, kisha akahamia Kiswahili, kama wanavyofanya watoto wetu wanapotaka tusiwakatalie: "Babu, usimwambie mama. Baba alimaliza kwa ishirini. Mimi nitashindwaje?"

Maneno yako, sauti yake. Sikuweza kuinywa ile chai.

Na bado nimekaa kimya siku saba. Jumatano nilimpigia Rehema ili nimwambie. Aliposema "Shikamoo, Mwalimu," kwa ile sauti ya mtu anayekuamini, nilimwuliza anaweka viungo gani kwenye pilau. Usiku huo na wa siku zilizofuata sikusikia kitu ila funguo. Zinalia pole pole, kama mtu anayejaribu mlango mmoja baada ya mwingine.

Nimeinuka sasa hivi kumpigia tena, kabla ya mstari huu. Hapokei, yuko zamu hadi saa sita ndipo aje uwanjani, na simu wanaiacha kwenye kabati. Nimempigia Sanyu, naye kimya, atakuwa tayari anapasha mwili. Basi nimewaandikia wote wawili ujumbe: "Mkono wa Sanyu ni ugonjwa ule ule uliomuua Kato. Asirushe. Apelekwe hospitali leo hii. Mimi nilijua." Nimeutuma ili moyo ukinisaliti njiani, maneno yafike bila mimi.

Lakini naenda. Ni vituo vitatu tu vya treni, Masmo, Fittja, Alby, halafu ile njia ya kushuka ziwani, nitapumzika kwenye kila benchi. Daftari liko mfukoni, limekunjwa kwenye ukurasa ule, na ishirini na tisa zote nimezipigia mstari kwa wino mwekundu. Nitamkabidhi Rehema mbele ya watu walionisikia nikidanganya. Akinifukuza, atakuwa na haki. Akinizomea Mama Zuhura, safari hii anajua anamzomea nani.

Sikuombi unisamehe leo. Tutakutana karibuni, utaniambia mwenyewe. Kwaheri, Kufuli. Kapumzike, ndugu yangu, acha mlango, huku tutaufunga wenyewe.

Kofia ya njano imo kichwani. Nakuahidi kitu kimoja tu: Sanyu akisimama pale na kunitazama, itatoka kabla ya mpira wa kwanza.

Mwalimu wako