Ngoma Ndani ya Kompyuta

Jumanne, jioni.

Na bado hakuna mtu hapa Kanja ananishinda kupiga ngoma ya kanisa. Hata kompyuta nitaifundisha. Mama wa saiba, ile duka ya kompyuta kule Manyatta, alinitafutia masomo ya kuipangia muziki, ati yanafaa mashini yoyote. Kwa kompyuta yake ngoma yangu ililia vizuri. Kwa hii yetu ya nyumbani, kimya.

Bibi yangu akasoma jina nimeandika kwa kioo cha kompyuta: "Ngoma".

"Baba Njeru, unaita wafu ndani ya nyumba yangu?"

Nikamwambia ya Kiembu ndiyo wafu, ya Kiswahili ni ya kupigwa. Hakucheka. Alikuwa anaangalia mkono wangu wa kulia.

"Unatetemeka tangu lini?"

Nikasema ni baridi.

Jumapili lazima kompyuta ipige. Haya nimeandika na mkono wa kushoto.