Kiberiti Bado Kina Mafuta

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Huku tupo, na kile kigari ulichokicheka ukakiita Kiberiti bado kizima. Hospitali kilijipenyeza pale magari makubwa yalipokosa nafasi. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka kaka yako kusafishwa damu, magoti yake yakigusa dashibodi, daftari la kilomita mkononi. Kila tulipojaza tangi alihesabu, kisha akajisifu: "Siku kumi, mke wangu! Kingekuwa kikubwa tungekuwa tunasukuma!"

Jana nilikutana sokoni na yule dada wa kituo cha mafuta. Akaniuliza, "Mama, mbona hamji siku hizi?" Nikamjibu huku nacheka, "Kigari chenyewe kinanusa tu." Nikachukua kikapu changu nikaondoka.

Najua ulinyimwa ruhusa kazini ukashindwa kuja kumzika kaka yako. Sina kinyongo, shemeji. Ila umeuliza ninaendeleaje. Tangi tulilojaza naye mara ya mwisho, huu ukiwa mwezi wa tatu sasa, bado lina nusu. Kila asubuhi nawasha injini betri isife, naangalia kiti chake, kisha nazima. Sina wa kumpeleka.

Ni mimi shemeji yako,
dereva wa Kiberiti