Tuliionea Huruma Pikapu

Jumanne, mwisho wa Oktoba. Jua limewaka tangu asubuhi bila hata kawingu kamoja ka kutudanganya, na upepo wa huku kwetu unavuma na vumbi lake mpaka ukifunga mdomo meno yanasaga mchanga. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya baba. Jua linashuka. Simu ina chaji kidogo na mtandao wa hapa ni wa kubahatisha, kwa hiyo maneno haya yatapanda yakijisikia.

Sina hamu ya kuandika, kusema kweli. Lakini nikikaa bila kushika kitu nitalia, na baba ataniona.

Leo nimemwaga maji.

Kwa wasionijua: naishi Zuzu, nina pikapu moja, na kazi yangu ni kubeba mchanga, saruji na nondo kupeleka kwenye majengo ya watu mjini Dodoma. Mume wangu alifariki zamani. Pikapu ndiyo ofisi, ndiyo jiko, na kuna siku ndiyo mtu pekee ninayeongea naye tangu asubuhi hadi jioni. Baba yangu anaishi huku kijijini, ukitoka kwenye lami ya kwenda Mtera unaingia ndani kwenye mchanga mpaka unaanza kujiuliza kama kweli kuna watu mbele. Anaishi na ng'ombe wake. Siku hizi hawafiki hata kumi.

Mwaka huu lambo la kijiji lilikauka mapema. Majirani wote waliswaga mifugo yao kwenda Mtera, kwenye bwawa, kabla ng'ombe hawajaanza kukonda. Walimpitia baba. Alikuwa ameshakunja blanketi, ameshika fimbo, kibuyu kiko begani, tayari kwa safari.

Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimpigia simu asubuhi ile ile, nikamwambia, "Baba, na goti hilo utafika wapi? Kaa hapo hapo. Maji nitakuletea mimi."

Kimbelembele changu hiki, jamani.

Ni kweli nilihofia goti lake. Lakini nisijifiche humu, maana humu ndimo ninamosema ukweli. Nilitaka pia baba aone. Kaka zangu wako Dar es Salaam, wanapiga simu, wanapeana zamu ya kusikitika. Nilitaka iwe ni mimi, binti yake, niliyewaokoa wale ng'ombe. Nilishajiona nimeshuka kwenye pikapu, ng'ombe wananikimbilia, baba anacheka na pengo lake. Nilijipigia makofi kabla ya kazi.

Akakunjua blanketi. Majirani wakaondoka. Akaniamini, basi.

Nikaanza kuhangaika. Wenye malori ya maji mjini wote walinikatalia. Gari lililozoea lami halitaki kusikia habari za mchanga wa huku. Nikawa naleta mapipa nyuma ya pikapu, machache, mara moja kwa juma. Hayo si maji ya kunywesha ng'ombe, ni ya kuwalowanisha ulimi. Walikuwa hawafi lakini hawaishi. Kila nikija mbavu zimeongezeka.

Ndipo nikapata lile tela. Lilikuwa limetelekezwa kwenye yadi moja ya wajenzi, tela zito la chuma lenye magurudumu manne. Si hivi vitela vinavyofungwa nyuma kwenye bampa. Hili lina shingo ndefu iliyopinda, inapita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu na kukaa ndani ya bodi, katikati kabisa. Chini ya shingo kuna pini nene kama mchi wa kinu. Kwenye bodi unafunga sahani ya chuma yenye taya. Unarudi nyuma polepole, pini inaingia, taya zinauma, kla! Ukiisikia hiyo sauti mara ya kwanza unajiona dereva wa semi.

Basi nikaiandaa pikapu kama bibi harusi. Fundi Hamisi, anayechomelea jirani na kwangu, aliipiga chesisi mikanda ya chuma ili sahani isikae kwenye bati tupu. Tukaongeza majani ya springi za nyuma. Tukavuta waya za taa, tukafunga breki za tela ziwe zinakamata pamoja na za gari. Nilinunua tangi kubwa la plastiki. Kila jioni nilikuwa nampigia baba kumweleza tumefika wapi, naye ananijibu, "Haya mama, fanya taratibu," na nyuma yake nasikia ng'ombe wanalia.

Sasa nifike pale pabaya.

Siku ya kufunga tangi, baba alikuwa amekuja mjini hospitali kwa ajili ya goti, akashinda kwangu. Akakaa kwenye kivuli pale kwa Hamisi, fimbo katikati ya miguu, anatazama. Hamisi alikuwa ameshachora chaki pa kukaa tangi: mbele, karibu na shingo. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia malori aliyoyaona yako hivyo.

Baba akasimama. "Hapana," akasema. "Rudisha nyuma. Ukimwekea mzigo huko mbele utamvunja shingo."

Anayetoka huku kwetu ananielewa. Tumekua tukipakia mikokoteni ya punda. Mtoto anajua kupakia kabla hajajua kusoma: gunia la kwanza linakwenda nyuma, kisha unanyanyua mti wa mbele kwa kidole. Mti ukinyanyuka kwa kidole, shingo ya punda haitaumia, na siku nzima atatembea bila kinyongo. Mti ukiwa mzito, wewe ni mtu katili, na watu watakwambia hivyo mbele ya wazazi wako.

Tukalisogeza tangi nyuma, nyuma ya magurudumu kabisa. Nami nikashangilia, nisimsingizie mzee. Niliona ni akili nyingi. Springi zangu zilikuwa mpya na nilikuwa nazionea uchungu. Baba akaja, akaweka mikono chini ya ile shingo ya chuma, nami nikaweka yangu, tukanyanyua. Ikapanda! Chuma chote kile, kama mti wa mkokoteni. Baba alicheka mpaka akakohoa. Hamisi akachukua mashine yake akasema, "Sawa mzee, mimi nachomelea mnapotaka nyie."

Sijawahi kumwona baba na furaha kama siku ile. Ndiyo maana leo inaniuma mara mbili.

Leo asubuhi nilijaza maji kwenye kisima cha pampu kando ya lami. Sikulijaza tangi mpaka juu. Nikaona nipunguze kidogo, gari lisichoke safari ya kwanza. Huruma juu ya huruma.

Kwenye lami tela lilianza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto. Usukani ukawa mwepesi mkononi, kama gari linataka kuninyang'anya. Nilipunguza mwendo, likatulia, nikasema ni upepo. Mtu akitaka kudanganyika hakosi sababu. Nikakunja kuingia kwenye mchanga, nikaenda pole pole, na kwa kweli kule lilitulia, nikaanza hata kuimba nyimbo za kwaya.

Kabla ya kufika kwa baba kuna korongo. Halina maji, ni mchanga tu, unashuka, unavuka, unapanda mwinuko mkali kidogo, ukiibuka tu umefika zizini. Niliposhuka nikamwona baba amesimama juu kule. Alikuwa amewatoa ng'ombe wote. Hata waliokuwa hawasimami siku hizi walikuwa wamesimama. Wanajua mlio wa gari langu, maskini, wanajua lina mapipa.

Nikaweka gia namba moja, nikaanza kupanda.

Nikayasikia maji. Yalihama. Yote kwa pamoja yalikimbilia nyuma ya tangi, guu! Na kile kitako chote cha tela kikazama, shingo ikapanda juu, na kwa kuwa pini imeumwa na taya, ikainyanyua pikapu yangu kwa nyuma. Magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka bure yanarusha mchanga. Nilikanyaga breki. Breki za nini, kama magurudumu hayagusi chini sawasawa, na ya tela yanateleza tu kwenye mchanga? Tukaanza kurudi. Tela likakunja upande mmoja, pikapu upande mwingine, kisha tela likalala. Mikanda iliyoshika tangi ikakatika. Tangi likabiringika na kupasuka ubavu mzima.

Mimi sijaumia. Kiwiko kimechubuka. Nimeandika hili kwa ajili ya mama mdogo, najua anasoma.

Nilipotoka ndani ya gari maji yalikuwa yanakwenda. Yalikuwa mengi, masafi, yanang'aa, yanakwenda zake chini ya korongo, na mchanga unayameza kana kwamba hata wenyewe haujanywa tangu mwaka jana. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika kichwa na kusema "Jamani, jamani," kama vile kuna mtu wa kumsihi.

Ng'ombe wakashuka. Sijui nguvu walitoa wapi. Wengine walianguka wakishuka, wakainuka, wakaja. Wakaweka midomo kwenye matope wakawa wananyonya mchanga.

Baba naye alishuka, na goti lake. Alipiga magoti, yote mawili, lile bovu na lile zima, akaanza kuchimba kwa mikono kama tunavyochimba visima vya mchanga wakati wa kiangazi, ili maji yajikusanye. Nikapiga magoti karibu naye, nikachimba. Akavua kofia yake akaitumia kuchotea. Tukapata kofia ya kwanza, akampa Malkia. Malkia ni uzao wa ng'ombe aliyekuja na mahari yangu. Mume alikwenda, ng'ombe akaendelea kuzaa, mpaka kafika huyu. Akanywa. Kofia ya pili ilikuwa matope. Ya tatu hatukuipata.

Mchanga ulikuwa umeshaanza kukauka juu.

Nimekaa kwenye jiwe muda mrefu nikiangalia lile tela limelala. Hapo ndipo nilipoelewa, na naliandika hapa kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Pikapu ilikuwa inautaka ule mzigo. Ilitaka ibebeshwe, ikandamizwe mgongoni, ndipo magurudumu yake yashike ardhi na ndipo iweze kulikamata lile tela lisiende linakotaka. Kumbe gari si punda. Punda unampunguzia shingoni anakwenda. Gari unalipunguzia linakosa pa kukanyaga. Na ile chaki ya Hamisi bado inaonekana kwenye chuma, mbele kule, ambapo tangi lilitakiwa kukaa.

Baba hajui. Anadhani ni mwinuko, au breki. Amesema mara mbili kwamba ule mwinuko umekuwa mbaya tangu mvua za mwaka juzi.

Na nifanye nini sasa? Tangi limepasuka, halizibiki. Tela linahitaji winchi kuliinua, na hakuna winchi itakayokuja huku. Mapipa yako Zuzu, niliyaacha kwa mbwembwe, nikasema zama za mapipa zimekwisha. Pikapu inawaka lakini imebanwa na shingo ya tela, taya zimegoma kufunguka. Kutembea kwenda Mtera, walikokwenda wenzao, hawawezi tena. Wangeweza siku ile baba alipokuwa ameshika fimbo mlangoni. Miguu hiyo walikuwa nayo. Niliwaambia wakae.

Nimejaribu kuomba, nikashindwa kujua niombe nini. Mvua? Hata ikinyesha mwezi ujao itawakuta wapi?

Muda si mrefu uliopita baba alileta kigoda chake akakaa karibu nami. Amenawa mikono kwa vumbi, maana maji ya kunawa ndiyo hayo hayo ya kunywa. Nilijua anatafuta neno la kunituliza, mzee wa watu, yeye ndiye anayeishiwa halafu ananitafutia mimi neno. Akatazama kule korongoni, kwenye pikapu iliyokaa mshazari na shingo ya chuma imeipanda mgongoni.

"Lakini shingo yake haijaumia, eti mama?" akaniuliza. "Lile gari?"

Nikamwangalia. Uso wake ulikuwa na katumaini kadogo, kale ka siku ile kwa Hamisi.

"Haijaumia, baba," nikamwambia. "Ulifanya vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Angalau hilo.

Nimemdanganya baba yangu, na ningerudia tena. Aondokewe na ng'ombe, inatosha. Asiondokewe na ule mkono wake chini ya shingo ya chuma, na kile kicheko.

Sasa ameinuka, amekwenda zizini, na naona ananiita. Malkia amelala chini. Ng'ombe akishafika hali hii akilala hainuki mwenyewe, inabidi mmoja ashike pembe na mwingine anyanyue kwa mkia, na mtu mwenye goti bovu hawezi mkia. Chaji nayo imekata tamaa.

Kesho itafika tu, haijui kusubiri. Sijui itawakuta wangapi wamesimama.