Tela la Kumlaza Mama

Shamba la Ngano, Hanang
Jumatatu, baada ya kazi

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimevua kofia, ingawa kwa umbali huu hunioni. Na wewe Mwalimu wa dini unayemsomea Mama barua hii, shikamoo pia. Nakuomba uisome kwa sauti ile ya kanisani, maana najua majirani wamejaa hapo ndani na wengine wamesimama mlangoni. Barua ya Damiano si barua ya kukosa.

Mama, kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati katika nchi hii, kuanzia hapo Maretadu mpaka huku ngano inakoishia, mtu huyo ulimnyonyesha wewe. Tela limekwisha! Limebaki rangi tu. Nangoja rangi ya kijani kutoka Arusha, kwa sababu mama yangu hawezi kupanda kitu chenye rangi ya kutu. Ile Jumamosi mliyotungoja hatukufika kwa ajili ya matope, si kwa jambo jingine. Rafiki yangu Boay ni mzima, anakusalimu, anacheka tu. Na mimi ndiye dereva wa trekta wa kwanza hapa shambani, labda katika Tanzania nzima, mwenye nyumba inayotembea.

Mguu unaendeleaje? Katika ile barua mliyonitumia, kaka Marseli anasema uvimbe umepanda mpaka gotini. Anasema yule mama wa zahanati amefoka kwamba ufikishwe hospitali ya Haydom upesi, usingoje mvua ziishe, la sivyo mguu utapotea. Basi haliji na barabara hii, hilo nalijua. Lakini anasema pia kwamba vijana wa hapo wamekuja na machela mara mbili, na mara zote mbili umewarudisha. Umewaambia, "Mwanangu anakuja na nyumba yenye kitanda." Mama, nilisoma maneno hayo nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nikaitoa. Nikaikunja tena. Mpaka leo imechakaa kama noti ya sokoni.

Ngoja nikueleze tela lenyewe, majirani wasikie.

Hapa tunao wataalamu wa Ulaya waliokuja na mitambo. Mmoja wao ana nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu mawili. Ikifika Jumamosi anaifunga nyuma ya gari, yeye na mke wake, wanakwenda kulala kando ya ziwa. Mtu ana nyumba ya matofali yenye maji ya bomba ndani, anaiacha, anakwenda kulala na mbu kwa hiari yake! Nikamwuliza, "Bwana, kwani nyumba inavuja?" Akacheka sana, akanifungulia mlango nikachungulia. Kulikuwa na meza ya kukunja, dirisha lenye pazia, na kitanda. Mama, nilikitazama kitanda kile nikakuona wewe umelala juu yake, mguu umenyooka, unachungulia dirishani mahindi ya watu yakipita.

Nikaenda moja kwa moja karakana kwa Boay. Huyu ndiye mchomeaji wetu wa vyuma, mtu wa Dirma, ana mke na watoto wanne. Mimi nikisema maneno kumi, yeye husema moja, na hilo moja ndilo linalofanya kazi.

"Boay, tujenge nyumba yenye magurudumu."

"Ya nani?"

"Ya mama. Nimpeleke Haydom amelala kama mke wa mkuu wa mkoa."

Hakuuliza zaidi. Akachukua miwani yake ya kuchomelea, akatoka nje kutafuta chuma.

Mkubwa wa karakana alituruhusu kuokota katika yale mabaki nyuma ya ghala, mahali tunapopaita makaburini. Ekseli tuliitoa kwenye mashine ya kupandia iliyokufa. Kuta ni mbao za makasha yaliyoleta vipuri, bado zina maandishi ya kizungu, kwa hiyo ungelala umezungukwa na elimu. Bati tulipata kwa kupasua madebe ya mafuta na kuyanyoosha kwa nyundo. Dirisha lilitoka kwenye kombaini iliyoungua. Godoro nilishona mwenyewe kwa magunia nikalijaza majani ya ngano, na usicheke, mkono wangu wa sindano ni mzuri kuliko wa shemeji. Jumamosi baada ya Jumamosi tulikuwa hapo, na Jumapili baada ya ibada. Watu walikuja kututania. "Nyie, hilo ni banda la kuku au kabati?" Mimi nikawajibu kwamba mwenye kuona mbali haulizi. Boay alipima, akachomea, akapima tena.

Lilipokaribia kwisha akaja na mnyororo. Ulikuwa wa kwao nyumbani, wa plau la ng'ombe. Akasema, "Damiano, tufunge na huu, kati ya tela na trekta. Pini ya kuungia ikikatika, mnyororo unashika."

Nikamwambia, "Mnyororo ni wa mbwa. Hii ni nyumba."

"Na breki je?"

"Breki ya nini? Umeona kitu chochote hapa kikienda chenyewe?"

Watu wakacheka. Ni kweli, Mama, huku ni tambarare. Ukimwaga maji chini hayajui yaelekee wapi. Mwaka wa nne sasa naendesha trekta mbele, narudi, mbele, narudi, na sijapanda wala kushuka. Mtu akisimamisha tela hapa leo, keshokutwa atalikuta palepale. Boay akautazama mnyororo wake, akautundika kwenye msumari ukutani. Mimi mtoto wa Maretadu, niliyejifunza kutembea kwa kushika nyasi za mlimani, ndiye niliyesahau kwamba kwetu kuna milima.

Mwalimu, hapa pumzika kidogo unywe maji. Nafikiri watu wanaanza kuinuka waende kwao, maana habari nzuri imekwisha. Waambie wakae. Nilikusudia kumalizia hapa kwa salamu na kutia sahihi. Lakini karatasi imebaki, na yaliyobaki ni yao pia.

Jumamosi ile hapakuwa na matope ya kuzuia trekta, Mama. Tulikuja. Tuliondoka alfajiri, trekta tumepewa kwa ruhusa. Boay alikuwa ndani ya tela. Mimi ndiye niliyemwambia alale kwenye kitanda chako akijaribu, aniambie kama kinarusha. Alikuwa anapiga ukuta kwa ngumi: ngumi moja maana yake sawa, mbili maana yake punguza mwendo. Njia nzima alipiga moja.

Tukafika kilima cha kwanza cha kupandia huko kwetu. Katikati ya mpando kulikuwa na watu wanapalilia kando ya njia. Wakasimama na majembe yao kushangaa nyumba. Ningefanya nini? Nilisimama, Mama. Nilisimamisha trekta katikati ya mlima ili waulize. Wakauliza, "Nani huyo umembeba?" Nikasema, "Bado sijambeba. Namwendea mama yangu." Nikapiga honi, nikaachia klachi kwa mbwembwe, trekta likaruka kama ndama.

Pini ikakatika.

Nilisikia ngumi mbili. Halafu sikusikia kitu. Nilipogeuka, tela lilikuwa linateremka, tena taratibu, kana kwamba limesahau kitu nyuma. Kisha likashika mbio. Likaingia korongoni likiwa limelala ubavu.

Tulimkuta Boay chini ya kitanda. Paja lilikuwa limevunjika. Nilianza kumnyanyua nimkalishe kwenye trekta, na mzee mmoja katika wale wapalizi akanipiga mkono kwa mpini wa jembe. "Unataka kummaliza? Mtu wa namna hiyo hakai. Analala." Akapiga ukelele. Mama, hata sijavuta pumzi, nikaona watu wanashuka kutoka pande zote. Mmoja ana miti miwili, mwingine ana blanketi, mwingine kamba. Hakuna aliyeuliza ni wa ukoo gani. Nilipomwambia yule mzee kwamba huyu si wa hapa, ni mtu wa Dirma, alinijibu, "Anayepita hapa akiwa amelala ni wetu."

Wakamwinua. Nikawa natembea kando, mikono mitupu. Mwanamke mmoja akanitazama akasema, "Na wewe dereva, hilo bega ni la kushikia usukani tu?" Nikaingia chini ya mti wa machela, mbele upande wa kulia. Tulibadilishana kila tulipochoka. Tulipofika mwisho wa eneo lao, watu wa mbele walikuwa wamekwisha kusikia, wanatungoja njiani na kibuyu cha uji. Mpaka Haydom, jua linazama. Kwenye mpando walitanguliza kichwa chake, kwenye mteremko wakageuza, asipate kuteleza. Kila mlima waliujua. Hakuna mtu aliyesimama ili atazamwe.

Njiani Boay alifumbua macho akaniona chini ya mti. Akasema, "Damiano, hili ndilo tela. Lina breki." Hapo ndipo alipocheka, na ni mara hiyo tu.

Sasa yuko wodini, mguu wameufunga na kuuninginizia uzito ili mfupa urudi mahali pake. Wanasema atakaa muda mrefu, na pengine atachechemea. Mke wake alikuja na mtoto mgongoni. Nilimwandalia maneno mengi, unanijua. Hakuyangoja. Alisema, "Shemeji, ule mnyororo ulikuwa wetu. Ulikuwa mzima." Akaingia kwa mume wake. Mimi nimetolewa kwenye trekta, nashona magunia ghalani. Mnyororo bado uko kwenye msumari. Kila asubuhi napita nikiutazama, na sijaweza kuugusa.

Mwalimu, sasa soma kwa sauti kubwa kuliko zote.

Majirani wa nyumbani, baba zangu, mama zangu, na nyinyi wa rika langu. Mwaka juzi nilipokuja likizo na ile kofia ya kizungu, nilisema mbele yenu, kwenye pombe yenu wenyewe, kwamba mama yangu si gunia la mahindi abebwe kwa miti. Nilisema machela ni ya watu wasio na watoto wa maana. Mzee Tluway alikuwa amekaa karibu nami. Mke wake tulimbeba wote kwa machela, na mimi nilikuwepo, nilikuwa kijana, na alirudi kwa miguu yake. Mzee Tluway alisogeza kibuyu chake tu. Nakuomba radhi, Mzee. Nawaomba radhi wote. Hata baada ya maneno yale mlikuja mara mbili na machela yenu kwa mama yangu. Yeye aliwarudisha kwa sababu ya mdomo wangu, si kwa kiburi chake. Njooni mara ya tatu. Mkitaka kunitoza asali au ng'ombe kwa matusi yale, nitozeni, lakini mguu haungoji kikao.

Mama, na wewe kubali. Nilifikiri kubebwa ni kupungukiwa. Nimekuwa chini ya ule mti, na naapa sikuona mzigo. Niliona watu wanasukumana nani aingie zamu. Kila Jumapili napanda lori la wafanyakazi kuja Haydom kumfulia Boay nguo. Mkiondoka Jumapili, nitatoka hapo nije kuwapokea njiani kwa miguu. Mbele upande wa kulia mniachie. Lakini msipange siku kwa ajili yangu. Hata ikiwa kesho, ondokeni kesho.

Nisalimie kaka Marseli, mwambie alikuwa na haki na mimi nilikuwa na kelele. Msalimie shemeji, nimemtania tu, sindano yake nzuri. Shangazi anayekupikia uji nampa shikamoo mbili. Msalimie bibi mzaa baba, asiposikia apigiwe kelele. Yule mama wa zahanati mwambieni aendelee kufoka. Na wewe Mwalimu, asante kwa koo lako. Hukuruka mstari, nakujua.

Mimi mwanao wa mwisho, wa darasa la tano na maneno ya chuo kikuu,

Damiano

Mama, najua umekwisha kusema hapo kitandani, "Basi watalitengeneza, nitangoja." Usingoje. Mbao zimekuwa kuni, bati limeezeka banda la kuku la watu wa kule korongoni. Rangi ya kijani sikuagiza. Bahati niliyokuandikia pale juu sina. Tela halipo. Nilidanganya.